Heinrich Hertz hakuvumbua redio

Kwa kuwa redio husomwa kwa megahezi, wengi hudhani Heinrich Hertz ndiye aliyeivumbua. Sivyo. Mjerumani huyu hakuwahi kurusha hata neno moja hewani.

Alichofanya huko Karlsruhe, Ujerumani, kati ya 1886 na 1888, ni kuthibitisha kuwa mawimbi ya sumakuumeme (jamii ya mawimbi yanayobeba matangazo ya redio), ambayo mwanafizikia James Clerk Maxwell aliyabashiri kwa hesabu tu, yapo kweli. Alirusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba. Upande wa pili aliweka kitanzi cha waya chenye mwanya mwembamba mno, akakikodolea macho gizani. Kicheche kidogo kikaruka pale, bila waya wowote kuunganisha pande hizo mbili! Kutuma ujumbe hakukuwa shabaha yake. Alifariki Januari 1894, akiwa na miaka 36, kabla Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyetuma ujumbe kwa mawimbi hayo, hajaanza kutamba.

Jina lake lilifanywa kipimo cha mitetemo ya mawimbi, yaani hezi, mwaka 1930. Kabla ya hapo watu walisema “mizunguko kwa sekunde”. Megahezi 100, basi, ni mitetemo milioni 100 kila sekunde.

Na ile kampuni ya Hertz ya kukodisha magari? Hilo ni jina la John Hertz, mfanyabiashara wa Chicago.