Nani Aliyesema Wanawake wa Vita Ile Hawakuacha Maandishi?

Nimeletewa tena mswada wa riwaya wenye utangulizi uleule: wanawake wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, hasa waliokuwa watumwa, hawakuacha maandishi, kwa hiyo mwandishi amelazimika kubuni kila kitu. Halafu riwaya inaanza, na mwanamke yuko dirishani anasubiri barua. Nimechoka na dirisha hilo.

Vita ile ya 1861 hadi 1865 iliwafuata wanawake walikokuwa. Tarehe 17 Septemba 1862 ghala la silaha la Allegheny, Pittsburgh, lililipuka likaua watu 78, wengi wao wanawake na wasichana waliokuwa wakitengeneza risasi. Aprili 1863 akina mama wa Richmond waliokuwa na njaa walivunja maduka wakidai mkate. Susie King Taylor, aliyezaliwa mtumwa huko Georgia, alifua nguo za askari, akawauguza, akawafundisha kusoma, na mwaka 1902 akachapisha kumbukumbu zake. Hayo yanajulikana, siyaongezi.

Nisichoweza kukinyamazia ni mafaili ya pensheni. Mimi hushinda humo.

Sheria ya 14 Julai 1862 ilimpa mjane wa askari wa kawaida wa jeshi la Muungano, yaani upande wa kaskazini, dola 8 kwa mwezi, mradi athibitishe kwamba kifo cha mumewe kilitokana na utumishi jeshini, na kwamba kweli walikuwa mke na mume. Mjane mzungu wa Ohio alikuwa na cheti cha ndoa. Akikosa, alichana ukurasa wa Biblia ya nyumbani wenye tarehe za ndoa na za kuzaliwa watoto, akautuma Washington, na kurasa za namna hiyo zingali mafailini. Aliyetoka utumwani angetuma nini, wakati sheria za majimbo ya kusini hazikuitambua ndoa yake? Julai 1864 Bunge likakubali kwamba mashahidi wa kuaminika wanaweza kuapa kuwa wawili hao waliishi kama mke na mume. Basi wakaapa: mkunga aliyezalisha, jirani aliyehudhuria harusi, askari aliyelala hema moja na marehemu, mara nyingine hata bwana aliyewamiliki. Kesi moja huweza kubeba maisha ya shamba zima, nani aliuzwa wapi, nani alizaa na nani, mtoto yupi alikuja kabla ya mavuno yapi. Huko ndiko "kusikokuwa na maandishi".

Lakini tafadhali, msiniendee upande wa pili mkasema hiyo ndiyo sauti yake yenyewe. Hili linaniudhi kuliko la kwanza. Ofisi ya Pensheni ilituma wapelelezi maalumu hadi vijijini. Mpelelezi aliuliza, mjane akajibu, naye akaandika majibu huku mara nyingi akiyaacha maswali, ndiyo maana hati ya kiapo husomeka kana kwamba mama wa watu ameamka tu na kuanza kusimulia mambo ya chumbani kwake. Mwisho wa ukurasa kuna alama ya X, jina limeandikwa pande zake mbili kwa mkono wa mtu mwingine. Na tangu Agosti 1882 mjane aliyebainika kuishi na mwanamume bila ndoa alifutiwa pensheni, kwa hiyo majirani waliulizwa nani huingia kwake. Mtu anayejibu huku posho ya watoto iko mizani, anajibu kwa hesabu. Majina nayo: mume aliandikishwa jeshini kwa jina la bwana wake, baada ya vita akachukua la baba yake, na mjane akatakiwa aeleze. Mpelelezi alinusa udanganyifu. Mimi naona ukoo ukijikusanya.

Mwandishi wa riwaya afanyie kazi hapo, kwenye swali lililofutwa na jibu lililopimwa.

Kuna pahali, hata hivyo, hoja yangu mwenyewe inanitia mashaka. Novemba 1864 huko Camp Nelson, kambi ya jeshi la Muungano jimboni Kentucky, wake na watoto wa askari weusi, kiasi cha watu 400, walifukuzwa kambini kwenye baridi kali, 102 walikufa. Askari Joseph Miller aliapa jinsi mwanawe mgonjwa alivyotolewa nje na familia nzima, jinsi alivyowafuata kwa miguu usiku hadi mji wa Nicholasville akamkuta mtoto amekufa, na kesho yake akarudi kuchimba kaburi kwa mikono yake. Viapo kama hicho vilisaidia kupatikana kwa sheria ya 3 Machi 1865 iliyowapa wake na watoto wa askari uhuru wao. Lakini mkewe, Isabella, tunamwona kupitia kinywa cha mumewe tu. Yeye na watoto waliobaki walikufa majira hayohayo ya baridi, hata mjane hakuwahi kuwa. Kwake, je, nimzuie mwandishi asibuni? Siwezi. Namwomba tu asimpe maneno mengi mazuri.

Na ukifika kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Washington, usiishie kwenye maombi yaliyokubaliwa. Omba na yaliyokataliwa. Nayo yalitunzwa, na humo utawakuta wanawake waliobishana na serikali.