Kocha hodari peke yake hatoshi

Mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani huamini kwamba timu ya chuo kikuu ni kocha: mpate aliye hodari, mataji yatafuata. Mfano wao mkubwa ni kocha Nick Saban, aliyekipa Chuo Kikuu cha Alabama mataji 6 ya taifa kati ya 2009 na 2020.

Lakini Saban huyohuyo alikaa chuo kikuu cha Michigan State misimu 5, 1995 hadi 1999, bila kutwaa hata ubingwa wa ligi yake. Alipohamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, akawa bingwa wa taifa msimu wa 2003. Je, alizidi kuiva katika kazi? Bila shaka. Ila Louisiana imejaa vijana wenye vipaji, na LSU haina mpinzani wa kimo chake ndani ya jimbo. Hapo ndipo penye uzito: wachezaji unaoweza kuwasajili kila mwaka, tena wengi kiasi kwamba majeruhi wawili watatu hawavurugi msimu.

Alabama nayo ilikuwa na fedha, uwanja mkubwa na sifa ya tangu enzi za Bear Bryant, kocha wake maarufu wa zamani. Hata hivyo, Saban alianza 2007 kwa kushinda mechi 7 na kufungwa 6. Kundi kubwa alilolisajili mwenyewe lilikuwa bado halijafika.