Maziwa Hayasafishi Petroli: Maswali ya Wachapaji wa Tanga

Mimi ni tabibu katika zahanati moja huku Ngamiani. Kazi za kalenda zikipamba moto mwisho wa mwaka, vijana wa mashine za uchapaji za ofseti huanza kuingia mmoja mmoja: kichwa kinagonga, kizunguzungu, mikono imepasuka kama kisigino. Wengi huja na pakiti ya maziwa mkononi. Hayo maziwa ndiyo yamenikalisha kuandika.

Daktari, nikishaosha rola za wino kwa petroli nakunywa nusu lita ya maziwa. Si yanasafisha kifua?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa petroli umekwenda kwenye mapafu na kuingia kwenye damu. Havikutani popote. Kichwa kikianza kuuma, acha kazi utoke nje upate hewa. Usiporudi sawa, njoo zahanati.

Hata ya mbuzi?

Hata ya mbuzi. Wala mtindi, wala samli. Tanga tumejaliwa maziwa, yanyweni kwa njaa na kiu.

Petroli ina ubaya gani? Inatoa wino upesi.

Ina benzini, kemikali inayoleta saratani ya damu kwa anayeivuta miaka mingi. Halafu kuna moto: mvuke wake hushika hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Tanga ya Februari. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche, au jiko la mama lishe pale mlangoni. Thina nayo mara nyingi ina tuluini, inayolevya ubongo. Na kwa bosi anayeelewa hasara kuliko afya: vitu hivi huvimbisha mpira wa rola na blanketi (ule mpira unaopeleka wino kwenye karatasi), ukanunua vingine kabla ya wakati.

Basi tuoshee nini?

Bora ni dawa ya kuoshea rola iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, kama soya. Mvuke wake ni kidogo sana. Inafanya kazi polepole na inaacha utelezi, kwa hiyo pitisha tambara la maji mwishoni. Msiniambie mna haraka; dakika hizo chache mnazo.

Ukiikosa, tafuta dawa maalumu ya rola ambayo lebo yake inasema haishiki moto chini ya nyuzi 60. Mafuta ya taa yana nafuu ya moto kuliko petroli, basi. Ngozi yanaichubua vilevile. Dawa iliyofungwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, irudishe dukani.

Na msidanganywe na dawa inayosifiwa kwamba "inakauka mara moja". Kule Osaka, Japani, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha uchapaji waliosafisha blanketi kwa dawa yenye dikloropropani, chumba hakina hewa ya kutosha, walipata saratani ya mirija ya nyongo wakiwa bado vijana. Mwaka 2014 kemikali hiyo ikatangazwa kuwa kisababishi cha saratani.

Mwenzetu alifyonza petroli kwa mpira, akameza. Tulimpa maziwa, tukamtapisha. Tulikosea?

Mlikosea mara mbili. Petroli inaua zaidi ikiingia mapafuni kuliko ikibaki tumboni. Ukimtapisha, unaipandisha tena kooni na kuipa njia ya pili ya kwenda mapafuni. Maziwa yanalijaza tumbo, anatapika upesi zaidi.

Niliwahi kuletewa kijana wa namna hiyo asubuhi. Usiku kucha wenzake walimlaza ghetto wakimnywesha maziwa, "tuone yatafanyaje". Alifika mbavu zikibonyea ndani kila akivuta pumzi, midomo imekuwa ya zambarau, shati lina maziwa yaliyoganda na bado linanuka petroli. Alipona, lakini baada ya siku nyingi za oksijeni.

Kwa hiyo: usimtapishe, usimpe maziwa, usingoje kuona. Aliyemeza akapaliwa au akakohoa aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama anaongea na kucheka. Akihema kwa shida, moja kwa moja hospitali ya mkoa, Bombo.

Tukivaa glavu na barakoa?

Glavu za mpira wa nitraili, ndiyo. Zile nyembamba za hospitali mnazokuja kutuomba huharibika upesi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Fungueni madirisha na milango. Na mikono oshea sabuni, si petroli. Hili nimelisema mpaka nimechoka.

Nije lini bila kusubiri?

Miguu au vidole vikifa ganzi, ukitoka damu puani au kwenye fizi bila sababu, ukiona mabaka ya damu kwenye ngozi, au kichwa kikiuma kila siku ya kazi na kupoa Jumapili. Dawa ikiruka jichoni, kwanza suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, ndipo upande bodaboda. Na njoo na kopo lenyewe, au piga picha lebo yake.