"Ya asili" haimaanishi haina madhara

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu ya wanaotengeneza dawa za mitishamba nyumbani: "Ni ya asili, haina madhara, changanya na dawa yoyote." Si kweli. Kinachotibu kwenye mmea ni kemikali, na kemikali hiyohiyo ikizidi huumiza. Utomvu wa manjano chini ya ganda la shubiri huharisha vikali. Urukususu (mzizi mtamu uitwao pia licorice) mwingi hupandisha shinikizo la damu.

Tunachanganyikiwa kwa sababu mimea mingi tunaila bila shida. Lakini kuikausha, au kuichemsha hadi maji yapungue, hukoleza nguvu yake.

Muuzaji, kabla ya kubandika lebo, muulize mfamasia. Mteja mjamzito au anayetumia dawa za hospitali naye amuulize mfamasia kwanza. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.