Nyumba imekula hela kuliko makadirio: kabla hujamnyima akitekti ada yake, gawa kwanza lile ongezeko

Mimi ni mkadiriaji majenzi, yaani yule mtu wa BOQ (ile orodha ya kazi na vifaa vyote vya jengo, vipimo na bei zake), kazi yangu ni kuhesabu jengo litakula hela ngapi na baadaye kuhesabu limekula ngapi kweli. Simu nyingi ninazopokea jioni si za watu wanaotaka kuanza kujenga, ni za watu ambao ukarabati umefika katikati, hela imekata, na akitekti ama hapokei simu ama anapokea lakini mazungumzo yanaishia kwenye kugombana. Na karibu wote wanaanza na maneno yaleyale, "lakini yeye alituambia milioni kadhaa."

Wa karibuni alikuwa mama mmoja wa Sinza, mwalimu mstaafu. Nyumba yake iko kwenye vile viwanja vya mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, walijenga taratibu yeye na marehemu mumewe, mshahara ukitoka wananunua mifuko miwili ya simenti, wakahamia ikiwa haina hata dari. Sasa kile kiinua mgongo alikuwa amekitunza, watoto wakachangia, akataka nyumba ifumuliwe vizuri: jiko kubwa, paa jipya, umeme mpya, na choo ndani ya chumba chake maana magoti yanamsumbua na choo cha zamani kiko uani. Akitekti ni kijana, amesajiliwa, akamwambia milioni 60. Mimi naenda pale imeshafika milioni 88.4, ada ya mwisho ya akitekti haijalipwa na mama ameapa hailipi, kijana naye kashikilia michoro. Nikamwamkia, akaniwekea chai, akasema, "Baba, mimi nimeibiwa kistaarabu."

Nisieleweke vibaya, sikwenda pale kumtetea akitekti. Ila kitu ninachowaambia watu kila siku ni hiki, ile tofauti ya milioni 28.4 siyo kitu kimoja. Ukiibeba nzima ukampelekea mtu ukasema "hii ni yako" utashindwa, na utashindwa hata kwenye ile sehemu ambayo kweli ni yake. Lazima uifumue kama nyumba yenyewe, uone kila shilingi imeingilia mlango gani.

Mlango wa kwanza ni wewe mwenyewe, na hapa ndipo watu wananuna. Binti yake mama alifungua grupu la WhatsApp la nyumba, ndani yuko yeye, kaka zake, akitekti na fundi mkuu. Nikaomba nisome lote. Nimekaa saa nzima nasoma na kalamu mkononi. Kuna picha ya jiko lenye granite, chini yake "mama hapendi zile tulizosema, tuweke kama hii", akitekti kajibu "sawa dada". Kuna "madirisha ya mbao tuachane nayo, tuweke aluminiamu", jibu "sawa". Dari ya jipsam sebuleni, sawa. Taili za 60 kwa 60, sawa. Jiko lisogezwe mbele mita moja na nusu, sawa. Nimehesabu meseji 14 za namna hiyo na hakuna hata moja yenye bei. Siku nyingine hata akitekti hakupitiwa, kaka mmoja alifika saiti Jumamosi akamwambia fundi avunje ukuta wa korido, fundi akavunja, Jumatatu akitekti anakuja anakuta hewa. Jumla ya mlango huu, milioni 11.2.

Sasa hapo nani kakosea? Kwa hesabu, hela hiyo ni ya mama, granite iko jikoni kwake anaitumia na sheria ya mikataba haikuruhusu ufaidike na kitu ambacho mwenzio hakukupa bure halafu ukatae kukilipia. Lakini sikumwacha kijana hivihivi. Mtaalamu akiambiwa "weka granite" jibu lake haliwezi kuwa sawa, jibu lake ni "sawa dada, itaongeza kiasi fulani na wiki moja, niendelee?" Hiyo sentensi moja ingeokoa ugomvi wote huu, maana yule mama ni mtu wa hesabu, angeambiwa bei angesema hapana kwenye nusu ya vitu vile, aliniambia hivyo mwenyewe na namwamini.

Mlango wa pili ni nyumba yenyewe. Nyumba ya zamani inaficha. Pale barazani kuna boriti ndefu, ilikuwa imepigwa plasta na rangi, inaonekana nzima kabisa. Mafundi walipobandua dari ya zamani wakaigonga na nyundo, na boriti nzima ukiigonga inalia kavu, tii tii, hii ikalia kama mtungi mtupu. Wakabandua plasta, zege likaanguka vipande, ndani nondo imebaki nyembamba kama penseli, nyekundu, ukiishika inamenyeka. Dar hii ni kawaida sana, watu enzi hizo walichota mchanga wa baharini, chumvi ikabaki ndani ya zege, nondo ikapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza kwa hiyo inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Boriti hiyo, pamoja na mabomba ya chuma yaliyoziba na waya za umeme zilizokauka plastiki, milioni 7.6.

Hapa swali ni moja tu, je, dalili zilikuwa zinaonekana siku akitekti anakagua? Kama kulikuwa na ufa umenyooka kufuata nondo, au madoa ya kahawia chini ya boriti, na yeye akapita asiandike kitu, basi ana la kujibu. Pale hapakuwa na dalili, nimeangalia picha zake za siku ya ukaguzi. Kosa lake lilikuwa lingine, kwamba kwenye makadirio hakuweka fungu la dharura hata senti. Mimi nyumba ya umri ule siweki chini ya asilimia 15 na mara nyingi naweka 20, halafu namwambia mwenye nyumba hiyo hela usiiguse, siyo ya taili nzuri, ni ya vitu ambavyo hatujaviona bado.

Bei za vifaa nitapita haraka. Kazi ilisimama miezi minne mama akisubiri michango, simenti na nondo zikapanda, milioni 3.1. Hakuna wa kumlaumu.

Halafu kuna vitu vilivyosahaulika. Makadirio ya mwanzo yalikuwa yale ya kuzidisha ukubwa wa nyumba kwa bei ya mita ya mraba, njia ambayo kwa nyumba mpya inakubalika kama pa kuanzia, kwa ukarabati ni hatari, kwa sababu haina kubomoa, haina kubeba kifusi, haina kurekebisha mfumo wa maji machafu. Vikaja milioni 2.2. Mama akasema hiyo basi ni ya akitekti, kasahau yeye. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri maana hata mawakili nimewaona wanateleza. Kifusi kingeandikwa tangu siku ya kwanza, ungekilipia. Kwa hiyo kusahaulika kwake hakujakupotezea hizo hela, kumekushtua tu. Hasara ni ile hela ambayo usingeitoa kabisa kama mtu angefanya kazi yake sawasawa. Labda uonyeshe kwamba ungejua gharama kamili usingeanza kabisa, au ungepunguza kazi, hapo mjadala unafunguka, lakini ni mjadala mgumu.

Tumebakiwa na milioni 4.3, na hiyo ndiyo ya akitekti, yote.

Ni kile choo cha chumbani. Kimechorwa upande wa mbele wa nyumba na chemba ya zamani, lile shimo lenye mfuniko ambamo mabomba ya maji machafu yanaingilia, iko nyuma uani, umbali mita 12. Bomba la maji machafu la inchi 4 linataka mteremko wa 1 kwa 40, kwa hiyo kwa mita 12 lazima lishuke sentimita 30. Nikafunua mfuniko wa chemba, nikashusha tepu, kutoka usawa wa sakafu hadi chini ya tundu bomba linapoingilia ni sentimita 35. Toa 30, zimebaki 5. Bomba lenyewe lina upana wa sentimita 10! Yaani kwa mchoro ule bomba lingetokeza juu ya sakafu ya chumba cha mama. Mafundi walipoona halikai wakalilaza bapa, wakamwaga zege, wakapiga taili, wiki ya tatu choo kikarudisha. Sakafu ikapasuliwa, taili mpya zikatupwa, ikachimbwa chemba mpya yenye kina, bomba likavutwa upya. Ile chemba mpya nimeiondoa kwenye hesabu yake nikaiweka kwenye vilivyosahaulika, kwa sababu hata mchoro ungekuwa sahihi ingehitajika. Kilichobaki ni kazi iliyofanywa mara mbili kwa sababu mtu hakwenda na tepu kupima shimo kabla ya kuchora. Hiyo kazi ni ya dakika kumi.

Nikamwita kijana tukakaa watatu. Nikamwonyesha ile hesabu ya mteremko, akaitazama muda mrefu, akasema, "Ni kweli, mama, hapa nimekosea." Namheshimu kwa hilo, wengi wangemsukumia fundi.

Ikabaki ada. Mkataba wao ulikuwa wa asilimia 6 ya gharama ya ujenzi, na hapa kuna tatizo ambalo wateja hawalioni siku ya kusaini: gharama ikipanda, ada ya mtu mnayegombana naye kuhusu gharama inapanda pia. Alikuwa anadai asilimia 6 ya milioni 88.4, yaani 5,304,000, na alishalipwa 2,400,000. Nikasema hulipwi ada juu ya kosa lako, tutoe ile 4.3, tunabaki na milioni 84.1, ada ni 5,046,000, ukitoa ulichopokea unadai 2,646,000. Yeye naye anadaiwa 4,300,000. Kwa hiyo anayelipa ni yeye, 1,654,000. Siyo milioni 28 alizokuwa anazitaka mama, na siyo sifuri. Kwa ukarabati mimi nashauri ada iwe kiasi kilichokubaliwa kwa kila hatua, michoro ya awali kiasi hiki, michoro kamili kiasi hiki, usimamizi kiasi hiki, ili mtaalamu asiwe na faida kwenye ongezeko na asishukiwe bure.

Wengine wananiuliza, si niende tu kwenye Bodi? Nenda, ni haki yako. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, ipo kwa Sheria namba 4 ya mwaka 2010 na inaweza kumwajibisha mtaalamu kwa uzembe, hata kumfuta kwenye daftari. Lakini Bodi inashughulika na taaluma yake, hela yako unaidai kwa njia nyingine, kwa maelewano, kwa usuluhishi kama mkataba wenu una kipengele hicho (Baraza la Taifa la Ujenzi, NCC, linashughulika na migogoro ya namna hii), au mahakamani, ambako kwa madai ya mkataba una miaka 6 tangu mkataba uvunjwe. Na muulize kama ana bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile inayolipa hasara mtaalamu akikosea kazini, muulize kabla ya kusaini. Kama aliyekuchorea ni muuza ramani wa mtandaoni ambaye hayumo kwenye daftari la Bodi, Bodi haina jina la kufuta, na pia hakuna bima, na hapo ndugu yangu kazi ni ngumu sana.

Kitu kingine, usibomoe ushahidi. Watu wakiwa na hasira wanaita fundi mwingine siku hiyohiyo anarekebisha, baadaye hakuna cha kupima. Piga picha zenye tepu ndani yake, mwite akitekti aone, kisha rekebisha upesi, kwa sababu kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinaangalia pia kama ulichukua hatua za kupunguza hasara au uliiacha ikue.

Kuhusu michoro aliyoishikilia, hakimiliki ni yake lakini mteja aliyelipa ana haki ya kuijengea na kuitunza nyumba yake kwayo, na bila michoro ya umeme na maji fundi anayekuja kesho anatoboa ukuta kwa kubahatisha.

Niliandika makubaliano ukurasa mmoja, kijana atalipa kwa awamu mbili na ataleta michoro ikiwa imerekebishwa kuonyesha kilichojengwa kweli. Mama hakusaini palepale. Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akapiga hesabu zote upya kwa mkono pembeni ya karatasi, ile ya kujumlisha milango mitano, ile ya asilimia 6, ile ya kutoa. Kila mstari ukikubali anaweka alama ya vema. Sisi wawili tumekaa kimya kama tuko darasani. Alipofika mwisho akasaini, akamgeukia kijana, akamuuliza, "Mwanangu, hiyo chemba mpya umeichora mahali ilipo?" Kijana akafungua mchoro mezani, akahamisha vikombe vya chai, akamwonyesha kwa kidole.