Anaweza kuchezewa rafu ya kweli na bado akaigiza

Dakika ya 61, uwanja wa Santiago Bernabéu, tarehe 27 Aprili 2011. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, mkondo wa kwanza, Real Madrid na Barcelona hawajafungana. Mpira uko katikati, si wa huyu wala wa yule. Dani Alves wa Barcelona anauwahi, Pepe wa Madrid naye anaujia, mguu umeinuka usawa wa ugoko, soli ya kiatu imetangulia mbele. Alves anaanguka, anabingirika, machela inaitwa. Mwamuzi Mjerumani, Wolfgang Stark, anatoa kadi nyekundu. Kocha wa Madrid, José Mourinho, anampigia mwamuzi wa akiba makofi ya kejeli na kumwonyesha dole gumba, naye anafukuzwa kwenye benchi apande jukwaani. Haupiti muda mrefu, Alves yuleyule aliyebebwa kwa machela amerudi uwanjani na anakimbia kama kawaida. Madrid wakiwa kumi, Lionel Messi anafunga dakika ya 76, kisha dakika ya 87. Inakuwa 2-0.

Nimepuliza kipenga kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kufundisha waamuzi chipukizi. Video hii naionyesha kila ninapoanza na kundi jipya, na kila mara darasa linagawanyika sehemu mbili. Wapo wanaosema Pepe alistahili kutoka, basi Alves hana kosa. Wengine wanasema Alves aliigiza, basi Pepe alionewa. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, na ugomvi mwingi wa mechi za watani wa jadi unazaliwa hapohapo. Watu wanadhani rafu na maigizo haviwezi kukaa katika tukio moja, kwamba ukithibitisha kimoja umekifuta kingine. Vinakaa pamoja, tena mara nyingi mno. Mwamuzi anatakiwa kuhukumu mguu wa aliyecheza rafu kwanza, peke yake, kama vile aliyechezewa hana sauti wala uso. Akishamaliza hapo, ndipo amtazame aliyeanguka.

Sheria ya 12 ya soka, inayohusu rafu na utovu wa nidhamu, iko wazi kuliko mashabiki wanavyofikiri. Inapanga rafu kwa ngazi. Ukimvaa mpinzani kwa uzembe, unaadhibiwa kwa mpira wa adhabu tu. Ukimvaa bila kujali hatari unayomletea, kadi ya njano. Ukitumia nguvu ya kupita kiasi au kuhatarisha usalama wake, nyekundu. Na jambo ambalo hata wachambuzi wa televisheni hulisahau: kumpiga mtu teke na kujaribu kumpiga teke vyote ni makosa. Baada ya mechi ile watu walikesha wakisimamisha video fremu kwa fremu, wakitafuta kama njumu za Pepe ziligusa mguu wa Alves au zilipita. Miaka yote hii swali hilo bado linarushwa kana kwamba ndilo linaloamua kadi. Silo. Soli iliyo wazi, kwa urefu ule na kasi ile, kumwelekea mtu anayekuja mbele yako, inatosha kumfikisha mwamuzi kwenye nyekundu hata kama ngozi haikukwaruzwa. Mimi ningetoa nyekundu. Mwenzangu akitoa njano sitamwita mwizi, kwa sababu kasi na umbali vinahitaji kupimwa kwa jicho, na macho hutofautiana. Ila anayesema haikuwa hata rafu, huyo ameacha kuutazama mguu, anatazama jezi.

Na Alves? Alitia chumvi. Naisema bila kusita. Sheria hiyohiyo ya 12 inauita udanganyifu mwenendo usio wa kiuanamichezo, na adhabu yake ni kadi ya njano. Tangu 1999 waamuzi walielekezwa kwamba kujiangusha kwa nia ya kumdanganya mwamuzi lazima kuadhibiwe popote uwanjani. Shida ni kwamba sheria imetengenezwa kwa ajili ya yule asiyeguswa kabisa au anayejifanya ameumia. Aliyerukiwa kwa soli kisha akabingirika mara tatu badala ya moja anaiweka sheria njia panda. Huwezi kumpa njano mtu ambaye umetoka kumtolea mpinzani wake nyekundu bila uwanja mzima kuamini umechanganyikiwa. Kwa hiyo kutia chumvi kunabaki bila gharama, na wachezaji wanalijua hilo vizuri sana.

Sasa tulinganishe na tukio la mwaka mmoja nyuma, tarehe 28 Aprili 2010, Camp Nou, Barcelona na Inter Milan, nusu fainali pia. Thiago Motta wa Inter anaukinga mpira, anamzuia Sergio Busquets wa Barcelona kwa mkono uliotandazwa nyuma, mkono unamfikia usoni. Busquets anaanguka kama aliyepigwa rungu, viganja vimeufunika uso. Kisha, na hapa kamera ilikuwa karibu kabisa, vidole vinaachana kidogo na jicho linachungulia kuona mwamuzi ameamua nini. Mwamuzi Mbelgiji, Frank De Bleeckere, alikuwa ametoa nyekundu, dakika ya 28 tu. Mkono ulikuwepo, mguso ulikuwepo, lakini nguvu haikuwepo. Kadi ile ilitoka kwenye anguko la Busquets. Tofauti yake na ya Pepe ni kwamba ukiondoa kilio cha Alves, soli bado ipo hewani. Ukiondoa viganja vya Busquets, unabaki na mkono wa mtu anayelinda mpira. Inter walifungwa 1-0 usiku ule lakini wakafuzu kwa jumla ya 3-2. Kocha wao alikuwa Mourinho, na mwezi uliofuata akahamia Madrid. Mtu asiyekumbuka jicho lile la Busquets hataelewa kwa nini makofi ya Bernabéu yalikuwa na uchungu kiasi kile.

Wanafunzi huniuliza namna ya kumtambua anayejirusha. Tazama mikono. Mtu aliyekatwa mguu kweli, mwili wake unajiokoa wenyewe: mikono inakwenda chini kuilaki nyasi, kwa sababu ubongo unaogopa uso kugonga ardhi. Anayejirusha huinua mikono juu, kifua kinatoka mbele, mgongo unapinda kama upinde, magoti yanakunjika yote mawili kwa pamoja. Tazama pia muda: amepiga hatua moja, hatua mbili, ndipo anaanguka. Na tazama anashika wapi, maana wapo wanaoguswa begani wakashika jicho. Hakuna dalili inayojitosheleza yenyewe, lakini zikikutana mbili au tatu, kipenga kitulie mdomoni.

Mahali pa kusimama nako kunaamua mengi. Fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 11 Julai 2010, Nigel de Jong wa Uholanzi alimpiga Xabi Alonso wa Hispania kwa soli kifuani. Kifuani! Mwamuzi Howard Webb alitoa njano, na baadaye akaeleza kwamba hakuwa na mwanya mzuri wa kuliona tukio, na kwamba ilipaswa kuwa nyekundu. Alonso huyohuyo alikuwa kiungo wa Madrid usiku wa Pepe na Alves. Aliyeshuhudia yote mawili angeweza kuhoji kwa nini teke la kifuani ni njano na la ugokoni ni nyekundu. Jibu lake ni kwamba Webb alizibwa na Stark alikuwa na mwanya, lakini jibu hilo halimtulizi aliyepoteza mchezaji.

Mechi zile za Madrid na Barcelona zilikuwa nne ndani ya siku 18. Tarehe 16 Aprili ligi, 1-1, mabao yote kwa penalti. Tarehe 20 fainali ya Kombe la Mfalme mjini Valencia, Madrid wakashinda 1-0 kwa kichwa cha Cristiano Ronaldo katika muda wa nyongeza. Tarehe 27 ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Kisha tarehe 3 Mei marudiano. Ukikutana na mtu mara nne kwa siku 18, kila faulo inakuwa na deni la mechi iliyopita. Usiku wa tarehe 27 hasira ilivuka mistari ya uwanja: wakati wa mapumziko kulizuka vurugu, na José Pinto, kipa wa akiba wa Barcelona ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja, akapewa nyekundu. Madrid wakawashitaki wachezaji wa Barcelona kwa UEFA kuwa wameigiza; shitaka likatupwa. Mourinho kwa maneno yake baada ya mechi alifungiwa na kutozwa faini ya yuro 50,000.

Kwenye marudiano mwamuzi alikuwa De Bleeckere, yuleyule wa Motta na Busquets. Mwanzoni mwa kipindi cha pili, bado 0-0, Ronaldo anakokota mpira, Gerard Piqué anamgonga kutoka pembeni, Ronaldo anayumba na kuanguka kwenye miguu ya Javier Mascherano, Mascherano naye anakwenda chini, mpira unamfikia Gonzalo Higuaín, anafunga. Kipenga: faulo ya Ronaldo. Bao limekataliwa. Nimelitazama tukio hili mara nyingi kuliko lolote kati ya yale ya majira hayo, na nadhani mwamuzi alikosea, tena kosa la kibinadamu kabisa. Aliona pingili ya mwisho ya mnyororo, Mascherano akianguka, akaiadhibu. Ile ya kwanza, bega la Piqué, ikampita. Mascherano alianguka kirahisi, lakini hakujirusha. Kilichomponza mwamuzi hapo ni mpangilio wa miili mitatu ndani ya sekunde moja. Mechi iliisha 1-1, Barcelona wakapita kwa jumla ya 3-1, na mpaka leo bao la Higuaín linatajwa pamoja na maigizo ya Alves kama kesi moja. Ni kesi mbili tofauti.

VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, ingesaidia wapi? Iliingizwa rasmi kwenye sheria mwaka 2018, na inahusika na mabao, penalti, nyekundu ya moja kwa moja na kadi iliyotolewa kwa mtu asiye mwenyewe. Bao la Higuaín lingeangaliwa. Nyekundu ya Motta ingeangaliwa, na sidhani ingesimama. Ya Pepe ingeangaliwa pia, na hapo utaratibu una busara yake: mwendo wa polepole hutumika kuona mguso ulikuwa wapi, lakini ukali wa rafu unapimwa kwa kasi ya kawaida. Picha iliyogandishwa inaweza kumfanya mtakatifu aonekane muuaji, na kinyume chake. Ila kutia chumvi kwa Alves, kwa kuwa ni suala la njano tu, VAR isingeligusa. Naona angalau tumepiga hatua kwenye kumzonga mwamuzi: tangu Euro 2024 tumeona utaratibu wa nahodha peke yake kumsogelea mwamuzi kuomba maelezo. Stark angeshukuru.

Kuna jambo moja la kwangu ambalo bado linaniuma. Ilikuwa mechi ya watani, nami nikiwa katikati. Winga mmoja alianguka mara tatu kipindi cha kwanza bila kuguswa. Mara ya tatu nikampa njano. Dakika chache baadaye akaanguka tena, akipiga kelele zilezile, nami nikapeperusha mikono mchezo uendelee. Wakati wa mapumziko nilimkuta kwenye ngazi ameteremsha soksi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na juu yake alama tatu za njumu zimepangana, nyekundu, ngozi imechubuka. Sikuutazama mguu wa beki hata kidogo. Nilikuwa nimeshamhukumu aliyeanguka kabla hajaanguka. Beki yule alistahili njano, pengine zaidi, nikamwachia akaendelea kukaba vilevile hadi mwisho. Nilimwomba radhi kijana palepale. Alinijibu, "Sawa, refa," akavuta soksi juu.

Ndiyo maana nawaheshimu waliojaribu kuuzima moto ule wa Hispania kuliko waliouchochea. Mwezi Agosti 2011 fitina ilipofika pabaya zaidi, kwenye Kombe la Super la Hispania, Mourinho alimchoma kidole jichoni Tito Vilanova, msaidizi wa kocha wa Barcelona. Iker Casillas, nahodha wa Madrid, alichukua simu akawapigia Xavi na Carles Puyol wa Barcelona. Watu hawa walikuwa wamebeba Kombe la Dunia pamoja mwaka mmoja tu kabla, na timu ya taifa ilikuwa inaanza kupasuka. Mwaka 2012 Casillas na Xavi walipewa kwa pamoja Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias ya michezo.

Siku hizi darasani ile video ya Pepe siionyeshi yote kwa mkupuo. Naisimamisha Alves akiwa bado hajagusa nyasi, soli ikiwa hewani, na kumwambia kila mmoja aandike kadi yake kwenye karatasi na kunipa. Wengi huandika nyekundu. Kisha naiachia iendelee, Alves anaanza kubingirika, machela inaingia, anarudi anakimbia, na hapo huwa kuna wanaonyoosha mkono kuomba karatasi zao wabadilishe. Siwarudishii.