Je, Kutosomewa Haki Hufuta Kesi?

Wengi wanaamini, hasa kutokana na filamu za Marekani, kwamba polisi wa huko akimkamata mtu bila kumsomea haki zake, kesi nzima hufutwa. Sivyo ilivyo.

Kusomewa haki huko, ambako huitwa pia onyo, kunatokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1966, katika shauri la Ernesto Miranda dhidi ya jimbo la Arizona. Mahakama ilielekeza kwamba mtuhumiwa aliye kizuizini aelezwe, kabla ya kuhojiwa, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika dhidi yake, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili, ambaye atapewa iwapo hana uwezo wa kumlipa. Kwa hiyo polisi asiyekusudia kumhoji aliyemkamata halazimiki kutamka neno lolote kati ya hayo.

Onyo lisipotolewa, kinachokataliwa kwa kawaida ni maelezo ya mtuhumiwa kama ushahidi wa kuthibitisha hatia. Mashahidi wengine na vielelezo hubaki. Miranda mwenyewe ni mfano mzuri, ingawa husahaulika: alishtakiwa upya mwaka 1967, bila yale maelezo aliyoyatoa kwa polisi, na bado akatiwa hatiani.

Jambo jingine, ambalo pengine ni la kushangaza zaidi, ni kwamba tangu uamuzi wa mwaka 2010, kukaa kimya tu hakutoshi kuyasimamisha mahojiano. Mtuhumiwa hana budi kutamka waziwazi kwamba anaitumia haki yake ya kunyamaza.